Simu, chaja na redio za mkononi kwenye ndege ndogo za Manda: kipi hasa kinaingilia mitambo?

Mwenyeji_Shela

Assalam aleikum wanajukwaa. Naandaa karatasi ya maelekezo kwa abiria wa ndege za kukodi zinazoruka kutoka Manda (uwanja wa ndege wa Lamu) kwenda Malindi na Wilson ya Nairobi, nyingi zikiwa Cessna Caravan. Karatasi iliyopo inasema "Zima vifaa vyote vya umeme", basi. Abiria wanaisoma na simu zinabaki zimewaka mifukoni, maana hao hao walifika Mombasa na ndege kubwa wakiwa kwenye Wi-Fi angani. Nataka karatasi inayompa mtu sababu.

Naomba wenye ujuzi mnijibu. Ni kifaa gani hasa kinachoingilia, na kinaingilia mtambo upi? Ile trrr-trrr inayosikika kwenye hedseti ya rubani wakati wa kupaa inatoka wapi? Je, ndege ndogo iko hatarini zaidi kuliko kubwa, au ni sawa tu? Halafu abiria wetu wengi ni wavuvi na watu wa mashua, wanabeba redio za VHF za baharini, na sijaona maelekezo yoyote yanayozitaja.

FundiAvioniki_MLD

Wa aleikum salaam ndugu. Nianze na hiyo trrr-trrr, kwa kuwa ndiyo inayosumbua kila siku.

Hiyo ni simu iliyo kwenye 2G. Simu ya GSM hairushi mawimbi mfululizo. Inarusha kipande cha milisekunde 0.577, inanyamaza ili simu nyingine saba zipate zamu, kisha inarudi. Mzunguko mzima huchukua milisekunde 4.615, yaani mapigo 217 kwa sekunde, na kila pigo linaweza kufika wati 2 kwenye 900 MHz au wati 1 kwenye 1800 MHz. Waya wa hedseti unageuka antena. Kikuza-sauti cha maikrofoni kina transista ndani yake, na transista ikipigwa na mawimbi makali kiasi hicho inayageuza kuwa umeme unaopanda na kushuka pamoja na mapigo. Sikio halisikii 900 MHz, lakini 217 Hz linaisikia vizuri sana.

Kwa hiyo kelele hii mara nyingi haijapita kwenye antena ya ndege kabisa. Kupima ni rahisi: rubani ateremshe sauti ya COM, yaani redio ya mazungumzo, hadi mwisho. Kelele ikiendelea, imeingia kwenye hedseti au intakomu. Ikikatika, imepitia redio yenyewe, na hapo tatizo ni zito zaidi.

Kwa nini hasa wakati wa kupaa? Simu iliyo karibu na mnara hupunguza nguvu yake sana, kwani mnara ndio unaoiamuru. Ukishanyanyuka Manda na kuelekea Kipini na delta ya Tana, minara inakuwa michache na iko mbali, na bodi ya ndege ni bati linalozuia mawimbi. Simu inapandisha nguvu hadi kikomo na inajiandikisha upya kila ikiona mnara mwingine. Abiria atakwambia simu yake ni ya 4G. Ni kweli, na 4G haizidi miliwati 200 wala haina mapigo ya 217 Hz. Lakini 4G ikipotea simu inashuka hadi 2G bila kumuuliza mwenyewe. Mtu akimpigia, na laini yake haipitishi simu kwenye 4G, inashuka vilevile.

Sasa hatari yenyewe. Kifaa kinaingilia mtambo kwa njia mbili, na ni vizuri usizichanganye.

Ya kwanza ni kurusha kwa makusudi: simu, Wi-Fi, Bluetooth, redio ya mkononi. Masafa yake yanajulikana, na karibu yote hayagongani na ya ndege. Redio ya mazungumzo ya ndege iko 118 hadi 136.975 MHz. VOR, kinara cha redio cha ardhini kinachomwonyesha rubani mwelekeo, iko 108 hadi 117.95. ILS, mtambo wa kuongoza ndege inapotua, hutumia 108.1 hadi 111.95 kwa mwelekeo wa njia na karibu 329 hadi 335 kwa mteremko. Transiponda, inayoijibu rada, ni 1030 na 1090, GPS ni 1575.42. Simu hairushi kwenye masafa hayo. Inachoweza kufanya ni kupenya kwa nguvu kwenye nyaya na saketi zilizo karibu, kama ilivyofanya kwenye hedseti.

Ya pili ni uvujaji. Kila kifaa chenye prosesa, skrini au saketi ya kubadilisha volti kinatoa mawimbi ambayo hakuna aliyeyataka, nayo yanaweza kuangukia popote, hata katikati ya chaneli ya mnara wa kuongozea ndege. Ni madogo sana, lakini risiva ya ndege inasikiliza kitu kidogo zaidi. Mawimbi ya GPS yakifika kwenye antena yana nguvu ya kama 0.0000000000000001 ya wati. Ukiweka kamera ya bei rahisi inayovuja karibu na 1575 MHz chini ya kioo cha mbele, GPS ya mkononi iliyo pembeni yake inaweza kupoteza setilaiti zote huku kamera ikirekodi kama kawaida.

Habari hii ya uvujaji ni ya zamani kuliko simu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kilichosumbua kilikuwa redio ndogo za FM. Redio ya FM ya aina ile ina kitetemeshi ndani yake kinachokwenda 10.7 MHz juu ya stesheni unayosikiliza. Ukisikiliza 102.3, kitetemeshi kiko 113.0, na hapo ndipo ilipo VOR. Sindano ya VOR ikawa inayumba kwa sababu ya abiria anayesikiliza muziki. Chipu za FM zilizo ndani ya simu za siku hizi hazifanyi kazi hivyo, lakini baadhi ya zile redio za betri zinazouzwa kila duka la mtaani bado ziko hivyo hivyo. Ziandike kwenye karatasi yako.

Kuhusu ndogo na kubwa: hapana, si sawa. Abiria wa safu ya ishirini kwenye jeti yuko mita nyingi kutoka kwenye mitambo. Kwenye Caravan abiria anaweza kukaa kiti cha mbele kulia, simu iko mapajani na nyaya za paneli ziko hatua moja mbele yake. Kutoka mita 10 hadi mita 1, nguvu inayofika inaongezeka mara 100. Tena jeti nyingi zimepimwa uvumilivu wake dhidi ya vifaa vya abiria, kwa kufuata hati ya RTCA (shirika la Marekani la viwango vya mitambo ya ndege) inayoitwa DO-307. Ndege ndogo nyingi hazijapimwa hivyo, na nyingine zina redio za kizazi cha zamani na nyaya ambazo ngao yake imeshakatika kwenye viungo.

Madirisha nayo yana sehemu yake. Wimbi la 120 MHz lina urefu wa mita 2.5, hivyo linapenya kwa shida kwenye dirisha dogo la jeti hadi antena ya nje. Wimbi la GPS ni kama sentimita 19, linatoka tu. Caravan ina madirisha makubwa na kioo kipana cha mbele, kwa hiyo hata lile refu linapata njia.

Caravan208

Naongezea upande wa kuendesha. Ndugu Mwenyeji, usiandike kwamba simu itaangusha ndege. Abiria ameshasahau kuzima mara nyingi na ametua salama, kwa hiyo ataiona karatasi nzima ni uongo. Andika kinachotokea kweli: rubani anakosa neno.

Fikiria ndege inakaribia Manda, rubani ni mmoja, upepo wa kusi unasukuma kutoka pembeni, na kuna ndege nyingine inatangaza kwenye redio kwamba iko mahali fulani kwa futi fulani. Trrr-trrr ikiangukia kwenye hizo tarakimu, ujumbe mzima umepotea. Itabidi aombe urudiwe, na muda huo ndio alikuwa anautaka kwa kuangalia njia na mwendo. Kelele ya sekunde 3 wakati wa kusafiri juu ya bahari haina neno. Sekunde 3 zile zile kwenye hatua ya mwisho ya kutua ni jambo jingine.

Ajali moja inafaa kutajwa, nayo ilikuwa ya ndege ndogo. Tarehe 6 Juni 2003, Piper Navajo Chieftain ilianguka ikikaribia Christchurch, New Zealand, usiku, kwa ILS, na watu 8 walifariki. Wachunguzi waliona kwamba rubani alishuka chini ya mteremko unaotakiwa bila kufuatilia altimita yake, yaani kipima-urefu, ipasavyo. Lakini waliandika pia kwamba simu ya rubani mwenyewe ilikuwa hewani katika dakika 3 za mwisho, na kwamba huenda iliathiri kionyeshi cha mteremko. "Huenda", maana haikuthibitishwa. Kwangu somo liko kwenye umbali: haikuwa simu ya abiria wa nyuma, ilikuwa ndani ya chumba cha rubani. Kwa hiyo maelekezo ya kiti cha mbele kulia yawe makali kuliko ya viti vingine, na rubani aanze na yake.

Kuhusu hoja ya "mbona ndege kubwa wanaruhusu": Marekani ilianza kuruhusu vifaa vitumike tangu mlangoni hadi mlangoni mwishoni mwa Oktoba 2013, Ulaya ikafuata, na mwaka 2014 Ulaya ikaruhusu hata bila hali ya ndegeni. Ruhusa hizo zina sharti ambalo abiria haambiwi: ni kampuni ya ndege inayotakiwa kwanza kuthibitisha kwamba aina ile ya ndege inavumilia. Wi-Fi ya ndani ni mtambo uliofungwa na kupimwa pamoja na ndege. Pale panaporuhusiwa kupiga simu angani, ndani mna kimnara kidogo kinachoziamuru simu zote zitumie nguvu ya chini kabisa. Caravan ya kukodi haina hivyo vitu. Na ndani ya ndege kauli ya mwisho ni ya rubani mkuu, akisema zima, ni kuzima.

Nahodha_Matondoni

Hizo redio za baharini ndizo zinazonitia wasiwasi mimi, kuliko simu zote mlizotaja. Simu ya 4G ni miliwati 200. Redio ya VHF ya mkononi ni wati 5, na chaneli 16 ni 156.8 MHz, kama 20 MHz tu juu ya masafa ya ndege. Ikibonyezwa ndani ya ndege haihitaji kuangukia kwenye chaneli ya rubani. Ni nguvu nyingi karibu mno, na risiva ya ndege inazibwa masikio.

Hakuna atakayeibonyeza makusudi. Inajibonyeza yenyewe ndani ya begi, kitufe cha kusemea kimekandamizwa na viatu au na mtungi wa mafuta ya nazi. Kufunga vitufe kwa alama ya kufuli hakutoshi, maana redio nyingi kufuli lake halifungi kitufe cha kusemea. Kwa hiyo: zima kwa swichi, chomoa betri, betri ikae kwenye mfuko wake peke yake na vidole vyake vya shaba vimefunikwa kwa utepe. Redio zinazoelea ambazo betri yake haichomoki kirahisi, izimwe na ikae mkononi au kwenye begi la miguuni.

Kitu cha pili hakimo kwenye swali lako na ni lazima kiwemo: kinara cha dharura cha baharini, ile EPIRB, pamoja na kile kidogo cha kuvaa. EPIRB nyingi huwaka zenyewe zikitolewa kwenye kishikio chake na kuguswa na maji ya bahari. Sasa angalia safari ya abiria wetu: anatoka Mkunguni kwa boti, kivuko chote ni rasharasha, begi linalowa, EPIRB imetolewa kwenye kishikio na kufungwa na taulo mbichi. Ikiwaka itarusha 406 MHz kwenda setilaiti na 121.5 MHz kwa ajili ya waokoaji. Hiyo 121.5 ni chaneli ya dharura ya ndege. Marubani wote wa ukanda huu wanaosikiliza chaneli hiyo wataisikia, na waokoaji wataanza kumtafuta mtu ambaye hajazama.

EPIRB isafiri ndani ya kishikio chake, kavu, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Na kampuni ya ndege iulizwe siku kabla, kwa sababu betri yake ni lithiamu ya kutochajiwa na ina masharti yake.

Mwenyeji_Shela

Shukran jazila nyote. Hilo la EPIRB na rasharasha halikunijia kabisa.

Nina swali moja la nyongeza kwa bwana fundi. Marubani wetu wawili wanatumia tableti ya ramani, na wanaichaji kwa chaja ya USB inayochomekwa kwenye tundu la sigara, ya kununua dukani mjini. Mmoja analalamika kwamba akiichomeka, redio inapiga mvumo kwenye baadhi ya chaneli tu. Je, ni chaja? Na inapimwaje bila mashine za maabara?

FundiAvioniki_MLD

Ni chaja, kwa dalili hizo sina shaka kubwa. Chaja hizo zinashusha volti kwa kukata umeme mara laki nyingi kwa sekunde. Tuseme inakata kwa 500 kHz. Kila mkato unazaa marudufu: 1 MHz, 1.5 MHz, na kuendelea. Rudufu ya 244 inaangukia 122.0 MHz, ya 245 inaangukia 122.5. Ndiyo maana anasikia kwenye chaneli fulani na nyingine ni safi. Chaja ikipata joto masafa ya mkato yanasogea, na mvumo unahamia chaneli ya jirani. Rubani anaona kama redio ina wazimu, kumbe ni chaja.

Kosa la pili liko kwenye volti. Chaja ya dukani imetengenezwa kwa gari la 12 V. Caravan ina betri ya 24 V, na jenereta ikiingia mfumo unakwenda kama 28 V. Hata chaja iliyoandikwa "12–24V", ukiifungua mara nyingi unakuta kapasita ya mlangoni ni ya 25 V. Kwa 28 V haifi siku hiyo. Inachoka polepole, inapoteza uwezo wa kuchuja, na kelele inaongezeka wiki hadi wiki kabla haijapasuka au kushika moto. Kwa hiyo chaja iliyokuwa kimya mwezi uliopita si hoja.

Kupima bila maabara, fanyeni hivi. Itoeni ndege nje ya banda, mahali pa wazi, mbali na mabati na mbali na jenereta yoyote. Tumieni umeme wa nje ili betri ya ndege isiishe, injini imezimwa. Washeni COM zote mbili na mfungue skwelchi (ile inayonyamazisha redio isipopokea kitu) ili msikie ule mchaniko wa hewa tupu. Skwelchi ikiwa imefungwa hamtasikia chochote, na kelele itakuwa inameza stesheni dhaifu bila nyinyi kujua. Hapa wengi ndipo wanapopima vibaya.

Chaja lazima iwe na mzigo. Chaja tupu haifanyi kazi ya maana, inanyamaza. Chomekeni tableti yenye chaji ya chini, asilimia 20 au pungufu, na simu kwenye tundu la pili. Piteni kila chaneli mnayotumia kwenye njia zenu, pamoja na 121.5. Kwenye kila moja chomoeni na kuchomeka mara kadhaa. Mchaniko ukibadilika sauti, ukiongezeka au hata ukipungua, chaja inaingia. Kupungua nako ni kosa: maana yake kuna wimbi thabiti limekaa kwenye chaneli na risiva imejirudisha nyuma.

Kisha fungueni ukurasa wa setilaiti kwenye GPS na muangalie vile vijiti vya nguvu kwa dakika 5 bila chaja, halafu dakika 5 nayo ikifanya kazi. Kijiti kimoja kushuka si hoja, setilaiti zinasogea. Vikishuka vyote pamoja mara tu baada ya kuchomeka, jibu mnalo. Rudieni jambo zima injini ikiwa inanguruma na jenereta imeingia, kwa sababu kwa 28 V chaja inabadilisha tabia.

Watu watawaambia mfunge feraiti, kile kipande cha kuvika kwenye waya ili kuzuia kelele. Inasaidia, lakini kwa utaratibu. Chukueni ile ya kubana yenye mchanganyiko 43 au 31 (ni namba za aina ya feraiti), iwe ndani ya sentimita 5 kutoka kwenye chaja, na waya wa USB upite ndani yake mara 2 au 3. Nguvu ya kuzuia inaongezeka kwa mraba wa idadi ya mizunguko, kwa hiyo mara 3 ni karibu mara 9. Msizidishe: kwenye 120 MHz mizunguko mingi iliyolaliana inaanza kupitisha mawimbi yenyewe kwa yenyewe, na faida inarudi chini. Feraiti mwishoni mwa waya upande wa tableti haifanyi kitu, waya wote unakuwa umeshageuka antena kabla ya kuifikia.

Hata hivyo ushauri wangu ni kuitupa. Fungeni chaja ya ndege yenye kibali cha TSO-C71 (kiwango cha Marekani cha vibadilisha-umeme vya ndege), ifungwe na fundi mwenye leseni na iandikwe kwenye kitabu cha ndege. Kwa safari fupi kama ya Malindi, pawabenki ni bora kuliko chaja ya dukani. Nayo ina saketi ya kukata umeme, lakini angalau haijaungwa kwenye nyaya za ndege, ambazo ndizo zinazobeba kelele hadi kwenye redio.

Caravan208

Pawabenki, lakini kwa kipimo. Kanuni ya kawaida ya safari za anga ni saa-wati 100 bila kuuliza, 100 hadi 160 kwa ruhusa ya kampuni, zaidi ya hapo haipandi. Hesabu: zidisha mAh kwa 3.7, gawa kwa 1000. Ya 20,000 ni 74. Ya 30,000 ni 111, hiyo inahitaji ruhusa. Ikae kwenye kabini, kamwe isiingie kwenye mizigo ya chini. Ikianza kufura au kutoa moshi, kizimamoto kinaua mwali tu, joto linabaki ndani na mwali unarudi. Inatakiwa kumwagiwa maji mengi hadi ipoe.

Na dira. Hili halihusu mawimbi ya redio ila ni la kundi moja. Dira ya akiba kwenye Caravan iko juu katikati ya kioo cha mbele. Spika ya simu ina sumaku, kava za tableti zina sumaku, vishikio vya simu vya siku hizi ni sumaku tupu. Hali ya ndegeni haisaidii hapa, wala kuzima hakusaidii, sumaku haina swichi. Pimeni ndege ikiwa imesimama: andika dira inasoma ngapi, sogeza kifaa pole pole kuelekea dira, na pale inapocheza digrii 1 weka alama. Kifaa kikae nyuma ya alama hiyo daima. Nguvu ya sumaku inaanguka haraka, ukiongeza umbali mara mbili inabaki kama sehemu moja ya nane, kwa hiyo sentimita 30 mara nyingi ni tofauti ya kosa kubwa na hakuna kosa. Ndege zenye skrini za G1000 badala ya saa za zamani, sensa yao ya sumaku imewekwa bawani makusudi kukimbia vitu hivi, lakini dira ya akiba iko pale pale, na ndiyo itakayobaki skrini zikizimika.

Mwenyeji_Shela

Nimeelewa. Bado mawili mafupi. Abiria wanauliza sana juu ya 5G, wamesikia Marekani ndege zilikatazwa kutua. Na vipi vifaa vya sikioni vya Bluetooth, saa za mkononi, na vile vya kutuma ujumbe kwa setilaiti ambavyo watalii huja navyo?

FundiAvioniki_MLD

5G ya Marekani, Januari 2022, ilihusu minara ya ardhini, si simu za abiria. Minara ile ilipewa 3.7 hadi 3.98 GHz, na altimita za redio zinasikiliza 4.2 hadi 4.4. Altimita za zamani zina vichujio vilegevu, zinasikia hata jirani. Altimita ya redio inapima urefu kutoka ardhini, na jeti zinaitegemea kutua kwenye ukungu, ndiyo maana ilikuwa kelele kubwa. Caravan nyingi hazina mtambo huo kabisa. Kwa abiria wako jibu ni kwamba 5G izimwe kama simu nyingine, basi.

Vifaa vya sikioni vya Bluetooth ni karibu miliwati 2.5 kwenye 2.4 GHz. Viache, ila abiria avitoe wakati wa maelekezo ya usalama, kwa sababu ya masikio na si kwa sababu ya mawimbi. Saa za kawaida vivyo hivyo, lakini saa yenye laini yake ya simu ihesabiwe kama simu. Watu wanaisahau: simu iko hali ya ndegeni, saa inaendelea kutafuta mnara.

Vile vya setilaiti vya Iridium vinarusha kwenye 1616 hadi 1626.5 MHz, kama 40 MHz tu kutoka GPS, na vingi vimewekwa vitume mahali ulipo kila baada ya dakika kadhaa bila kuguswa. Mtalii huviweka dirishani ili vione anga, mahali pabaya kuliko pote. Vizimwe kabisa. Havina hali ya ndegeni ya kutegemea.

Mwenyeji_Shela

Barakallahu fikum. Nitaitoa karatasi kwa Kiswahili na Kiingereza, isomwe abiria wakishakaa na mikanda imefungwa.

Nahodha_Matondoni

Hapana bwana, hapo utakuwa umechelewa. Isomwe gatini Manda, abiria wakishuka kwenye boti, kabla mizigo haijapimwa. Caravan nyingi zina sanduku la mizigo chini ya tumbo, na ndege ikiwa angani hakuna anayelifikia. Redio ya wati 5 ikijibonyeza humo, itapiga kelele hadi Wilson au hadi betri iishe.

Caravan208

Naunga mkono. Na anayepima mizigo aulize kwa jina: "Una VHF? Una EPIRB? Una pawabenki?" Ukimuuliza mvuvi kama ana "vifaa vya umeme" atakwambia hana, maana kwake hiyo ni redio ya chombo tu.